Nani anakaa mezani dunia ikishaisha? Siasa na sura za watu ndani ya The Walking Dead

#1 · Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu na unafichua mambo hadi sehemu ya mwisho kabisa. Ambaye bado yuko njiani aurudie akishamaliza, asije akanilaumu.

Nimeimaliza The Walking Dead kwa mara ya pili. Mara ya kwanza niliianza mwaka 2012 nikiwa chuoni, kwa flashi iliyokuwa inazunguka vyumba vyote vya hosteli, na niliiangalia kama kila mtu: nani kaumwa, nani kafa, steringi ametokaje. Safari hii nimefuatilia jambo moja tu. Kila watu wanapopata mahali wakaweka kambi, nilijiuliza: uamuzi unapotolewa, nani yupo pale? Nani anaulizwa, na nani anapewa tu taarifa?

Kwa ambao hawaijui: ilirushwa na AMC ya Marekani kuanzia tarehe 31 Oktoba 2010 hadi 20 Novemba 2022, misimu 11, sehemu 177. Imetokana na vitabu vya katuni vya Robert Kirkman vilivyoanza kutoka mwaka 2003. Askari wa Georgia, Rick Grimes, anazinduka hospitalini na kukuta serikali haipo, jeshi halipo, umeme hakuna, na wafu wanatembea. Kutoka hapo ni miaka zaidi ya kumi ya watu kujaribu kuanzisha upya kile ambacho sisi tunakiita nchi.

Nianze na paa. Sehemu ya pili ya msimu wa kwanza, Atlanta, kikundi kimekwama juu ya jengo la duka. Merle Dixon, mzungu mbaguzi asiyejificha, anamtukana T-Dog, kijana mweusi, kisha anampiga mbele ya wenzake na kutangaza kwamba yeye ndiye kiongozi. Anaitisha hadi kura, bastola ikiwa mkononi, na watu wananyoosha mikono. Rick anatokea, anamfunga pingu kwenye bomba, na anamwambia kwamba mambo ya rangi yamekwisha: sasa kuna sisi na kuna wafu.

Maneno mazuri. Nilipokuwa na miaka ishirini niliyapokea yote. Sasa hivi naona kwamba tamthilia yenyewe ilichukua miaka mingi kabla ya kuyatimiza.

Maana mtazame huyo T-Dog baada ya pale. Yupo misimu mitatu. Anaendesha gari, anabeba mizigo, anafungua milango, anapigana. Ukikusanya maneno yake yote hayajazi karatasi nyingi. Mwanzoni mwa msimu wa pili ana jeraha mkononi na homa kali, na anamwambia mzee Dale jambo zito: mimi ndiye mweusi peke yangu hapa, nimezungukwa na maaskari wawili wazungu wa kusini na mtu ambaye kaka yake alijikata mkono kwa sababu yangu, unadhani kati yetu nani ataanza kutolewa? Nilikaa vizuri kwenye kiti. Nikasema leo ndiyo leo. Kisha homa ikashuka, T-Dog akasema yasahauliwe yale, na hayakurudi tena. Swali kubwa kuliko yote kuhusu kambi ile likaachwa lionekane ni maneno ya mgonjwa.

T-Dog alikufa katika sehemu iliyorushwa tarehe 4 Novemba 2012. Tayari gerezani walikuwa wamemkuta mfungwa mweusi, Oscar, ambaye kuanzia hapo ndiye akawa mwanamume mweusi wa kundi. Oscar naye aliuawa tarehe 2 Desemba, wiki nne tu baadaye, na katika sehemu hiyo hiyo Tyreese akaingia gerezani. Kama kiti kimoja kinachopokezanwa. Akiinuka mmoja ndipo mwingine akae.

Nakaribisha michango. Nitaendelea, maana sijafika hata nusu ya ninachotaka kusema.

#2

Mkuu nimekusoma, ila nadhani unatafuta kitu ambacho hakipo. Hii ni tamthilia ya mazombi. Kila mtu anakufa! Lori alikufa siku moja na T-Dog, na alikuwa mke wa steringi. Dale, Shane, Andrea, Hershel, Beth, wote wazungu, wote chini. Ukianza kuhesabu rangi kila mahali hutafurahia kitu.

#3 · Mleta uzi

Mkuu wa #2, hoja yako ni ya haki. Ni kweli wanakufa wote.

Lakini mimi sihesabu vifo. Naangalia mtu aliishi vipi kabla hajafa. Hershel tulimjua hadi ulevi wake wa zamani, Biblia yake, mabinti zake, shamba lililorithiwa. Alipouawa iliuma kwa sababu tulikuwa tumekaa naye. T-Dog je? Ana mama? Alikuwa anafanya kazi gani? Tulipata jibu moja tu, na tulilipata baada ya kifo chake. Glenn anaongea na Hershel pale gerezani, makaburi yakichimbwa, anasema kwamba balaa lilipoanza T-Dog alichukua basi dogo la kanisa lake akapita nyumba kwa nyumba kwa kila mzee aliyemfahamu, isije ikawa kuna anayehitaji usafiri.

Sentensi moja. Ndani yake kuna mtu mzima kabisa, mwenye kanisa, mwenye mtaa, mwenye wazee anaowajua kwa majina. Mtu huyo tuliishi naye misimu mitatu bila kutambulishwa kwake. Mimi hilo ndilo linaloniuma.

#4

Naongezea kwa upande wetu wanawake, maana mleta uzi hujagusa. Ile kambi ya kwanza kwenye machimbo, kumbukeni wanawake wanafua nguo kwenye maji huku wanaume wamekaa. Jacqui, mwanamke mweusi, anauliza imekuwaje kazi zote hizi zimeangukia kwao. Mume wa Carol anakuja kuwafokea, mwisho anampiga mkewe kofi mbele yao. Dunia imeisha juzi tu, hakuna sheria, hakuna polisi, lakini beseni la kufulia limejua lenyewe liende kwa nani!

Na huyo Jacqui ndiye aliyekuwa akifanya kazi ofisi ya mipango miji ya Atlanta, ndiye aliyejua majengo ya zamani yana njia za chini. Elimu yake ilitumika siku moja. Msimu wa kwanza ukiisha, naye anabaki ndani ya jengo linalolipuka kwa hiari yake mwenyewe. Nilimlilia.

Carol yeye walimpa muda. Kutoka mke anayepigwa hadi yule mwanamke anayelipua tangi la gesi na kuwatoa wenzake Terminus, kambi ya wala watu. Ndiyo maana nakubaliana na wewe: muda ndio heshima yenyewe. Mtu akipewa muda anakuwa mtu.

#5 · Mleta uzi

Dada wa #4, ahsante sana. Beseni limejua lenyewe liende kwa nani. Nitaikumbuka hiyo.

Niendelee na serikali zao, maana hapa ndipo utajiri ulipo.

Mwisho wa msimu wa pili, Machi 2012, Rick amemuua rafiki yake Shane, kundi linanung'unika usiku kando ya moto, na yeye anawaambia waziwazi: anayetaka aondoke, anayebaki ajue hii si demokrasia tena. Nakumbuka pale hosteli tulishangilia. Tuliona sasa amekuwa mwanaume. Nilipoiangalia tena mwaka huu niliwatazama wale waliokaa kwenye moto, sikumtazama yeye. Carol, Glenn, Maggie, T-Dog, Beth. Wameinamisha vichwa. Wana baridi, wana njaa, mtoto yuko tumboni kwa Lori. Mtu akikwambia maneno yale usiku ule, porini, utaenda wapi? Kubaki kwao hakukuwa kura ya ndiyo.

Msimu wa tatu unamlinganisha Rick na mtu anayeitwa kabisa Gavana, anayetawala mji wa Woodbury. Mitaa imefagiwa, watoto wanacheza, kuna mtu anamwagilia maua. Jioni watu wanapelekwa uwanjani kuangalia mapigano katikati ya mazombi waliofungwa minyororo. Anawapa usalama, anawapa burudani, na anawaambia adui ni nani. Hawaulizi zaidi. Na hapo Rick anajiona kwenye kioo, anarudi gerezani na kukiri mbele ya wenzake kwamba alikosea kuamua peke yake, kwamba yeye si Gavana wao, na wapige kura. Kiongozi anayerudisha madaraka kwa mdomo wake mwenyewe! Ni jambo la dakika chache kwenye kioo, lakini kwangu ndilo tendo lake kubwa kuliko mapanga yote.

Msimu wa nne gereza lina baraza: Hershel, Carol, Daryl, Glenn na Sasha. Mzee mkulima, mjane aliyekuwa akipigwa, kijana aliyelelewa kwenye ufukara, mtoto wa Kikorea aliyekuwa anapeleka piza kwa wateja, na mwanamke mweusi aliyekuwa zimamoto. Hiyo ndiyo meza ya kwanza ya kweli katika tamthilia nzima. Na angalieni lilivyovunjika mapema: homa inaingia, Carol anaua wagonjwa wawili kwa siri ili isienee, na Rick anamfukuza Carol peke yake, porini, bila kuliuliza baraza ambalo Carol mwenyewe ni mjumbe wake. Wote wawili walikuwa na sababu. Wote wawili waliipita meza.

#6

Habari kutoka Bukavu, ndugu zangu. Nasoma kimya tangu mwanzo, ila mmekaribia Negan nikaona niseme.

Nyinyi wengi mnamwona Negan kama adui wa filamu, na ile rungu yake yenye seng'enge. Mimi nilimwona kama mtu ninayemjua. Anakuja na magari, anawaambia: nusu ya mlicho nacho ni changu, nami ndiye ninayewalinda. Huku kwetu Kivu kuna wenye bunduki wanaofunga kamba barabarani. Mama anatoka shamba na mihogo, analipa. Anarudi na chumvi, analipa tena. Nao wanasema ni ulinzi. Unauliza ulinzi dhidi ya nani, hakuna anayejibu.

Kwa hiyo walipomuua Glenn na Abraham, sikushangaa kwa damu. Nilichotambua ni kesho yake: watu wanabeba magodoro yao wenyewe kuyapakia kwenye gari la mwenye kuwaua, na wanaambiwa washukuru. Yule aliyeandika pale anaelewa. Unyonge haukai kwenye kipigo, unakaa kwenye kupakia.

Kama kuna kosa, ni moja. Waliishi chini ya Negan miezi tu. Watu wakiishi hivyo miaka ishirini, watoto wanazaliwa hawajui kama kuna maisha mengine. Hilo hawakulionyesha.

#7 · Mleta uzi

Ndugu wa Bukavu, nimeisoma mara tatu. Pole, na ahsante kwa kuandika.

Umenikumbusha lile tikiti. Ufalme wa Ezekiel ulikuwa unawalipa watu wa Negan mazao kila wiki, kwa siri, mfalme akiwaficha raia wake ili wasikate tamaa. Siku moja mzigo unapungua tikiti moja, wanatakiwa kumi na mawili wamefika na kumi na moja. Kwa tikiti hilo kijana Benjamin anapigwa risasi ya mguu na anavuja damu hadi anafariki. Baadaye inajulikana kwamba mmoja wao, Richard, alilificha makusudi ili vita ianze, akitaraji afe yeye. Siri ya mfalme ikazaa siri ya askari, na aliyelipa ni mtoto asiyejua hata moja. Kama watu wa Ufalme wangeambiwa ukweli tangu mwanzo, wangeweza kuamua wenyewe kulipa au kupigana.

Hata hivyo Ezekiel nampenda kwa sababu nyingine. Ni mwanamume mweusi, rasta ndefu, anakaa kwenye kiti cha enzi jukwaani akiwa na simbamarara pembeni, anaongea kama wafalme wa tamthilia za jukwaani. Halafu faragha anamwambia Carol ukweli: alikuwa mtunza wanyama, yeye ndiye aliyemwokoa simbamarara kwenye shimo, na ufalme aliujifunza kwenye maigizo ya mtaani. Watu walihitaji mtu wa kumfuata, akakubali kuwa huyo. Linganisha na T-Dog. Huyu tumepewa kazi yake ya zamani, hofu yake, majivuno yake, upendo wake kwa mnyama. Ana haki ya kukosea na kujutia. Kutoka mmoja hadi mwingine imepita miaka minne tu, lakini waandishi wametembea safari ndefu.

#8

Wadau, niko Nairobi. Hakuna ambaye amemtaja Michonne kwa undani na hiyo si haki.

Aliyemwigiza, Danai Gurira, alizaliwa Marekani mwaka 1978 lakini amekulia Harare, wazazi wake ni Wazimbabwe. Ukimwona anavyosimama, anavyonyamaza, unajua huyu mtu ana nyumbani kwingine. Tena ni mwandishi wa michezo ya kuigiza. Ule wake unaoitwa Eclipsed, kuhusu wanawake waliotekwa na kamanda katika vita vya Liberia, uliingia Broadway mwaka 2016 na mwigizaji mkuu alikuwa Lupita Nyong'o wetu. Waigizaji wote, mwandishi na mwongozaji, wote wanawake weusi. Kwa hiyo yule tunayemwona na upanga akikata vichwa, upande wa pili alikuwa amekaa na wanawake walionusurika vita vya kweli, akiandika wanachosema.

Mimi naamini hiyo ndiyo ilimwokoa Michonne. Mwanzo walimleta kama kivuli: kofia, upanga, mazombi wawili kwenye minyororo, haongei. Mwanamke mweusi mwenye hasira, basi. Polepole akapewa mtoto aliyempoteza, mpenzi, ucheshi, peremende anazopenda. Mwisho yeye ndiye anayeandika mkataba wa kuziunganisha jumuiya zote.

#9 · Mleta uzi

Kaka wa Nairobi umenimalizia kazi. Nitaongeza jambo moja tu kwenye huo mkataba.

Msimu wa tisa, uliorushwa kuanzia Oktoba 2018, ndio wa kwanza chini ya Angela Kang kama mtayarishaji mkuu, na ndio msimu ninaouona kuwa bora kwa siasa. Michonne anapendekeza sheria ya pamoja: jumuiya za Alexandria, Hilltop, Ufalme na Oceanside zikubaliane adhabu, biashara, ulinzi. Kisha miaka sita inaruka, Rick hayupo, na tunamkuta Michonne huyo huyo ndiye amefunga milango ya Alexandria. Kuna baraza linalopiga kura, lakini likija suala la usalama neno la mwisho ni lake. Alimkaribisha rafiki wa zamani, rafiki akawaiba watoto, na mgongoni ana kovu la chuma cha moto. Mtunga katiba amekuwa mtu wa kuipinga. Nasi tunamwelewa, na bado tunaona amekosea. Hivyo ndivyo kiongozi mweusi anavyopewa heshima kamili: kukubaliwa kuwa na makosa yenye sababu, si kufanywa mtakatifu.

Kuna na Siddiq, kwa ndugu zetu wa Kiislamu. Anaonekana mara ya kwanza akiwa peke yake, njaa imemzidi, akinukuu aliyofundishwa na mama yake kuhusu kumsaidia msafiri. Mwana wa njia, kama tulivyosoma madrasa. Carl, mtoto wa Rick, ndiye anayemwendea na chakula, na katika safari hiyo anang'atwa na zombi na kufa. Wengi walikasirika wakati ule kwamba Carl amekufa kwa ajili ya mgeni. Lakini mgeni huyo alikuwa daktari. Michonne alipojifungua mtoto wa Rick, kulikuwa na daktari kijijini kwa sababu Carl alitoka na chakula. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

#10

Mimi nitasema ukweli wangu. Kwenye weusi na wanawake niko na nyinyi. Ila mashoga wameingizwa kwa nguvu, na hapo ndipo mimi niliruka sehemu nyingi. Aaron, Tara, yule anayeitwa Jesus. Siasa za huko kwao zisiletwe kwetu.

#11 · Mleta uzi

Mkuu wa #10, umesema kwa ustaarabu, nami nitajibu hivyo hivyo.

Ukimruka Aaron unakosa mlango wenyewe wa hadithi. Kundi la Rick limelala kwenye banda, limechoka, linanuka, mtoto mchanga analia. Aaron ndiye aliyekuwa akiwafuatilia siku nyingi, akawaachia maji barabarani, akaja na mikono mitupu kuwaambia kuna mji wenye ukuta na nafasi. Rick akampiga ngumi. Akavumilia. Kazi yake Alexandria ilikuwa kutafuta watu wema walioko nje na kuwaleta ndani. Anasema mwenyewe kwamba hata ndani ya Alexandria yeye na mwenzi wake Eric bado wanaonekana watu wa nje. Mimi nadhani waandishi walijua wanachofanya: aliyewahi kufungiwa nje ndiye aliyepewa kazi ya kufungua.

Na kuhusu siasa za kwao: tamthilia ni ya kwao, mkuu. Georgia na Virginia ndiko ilikowekwa, na watu hao wanaishi huko. Kuwaondoa ndiko kungekuwa kuingiza kitu kwa nguvu.

#12

Naomba nichangie kidogo. Mdogo wangu wa kiume ni kiziwi. Hatukuwa na kawaida ya kuangalia filamu pamoja, kwa sababu maandishi ya chini ni ya Kiingereza na shule aliyosoma haikumfikisha huko. Nilikuwa namwelezea kwa ishara zetu za nyumbani, nachoka, anaondoka.

Msimu wa tisa akaingia Connie. Mwigizaji wake, Lauren Ridloff, ni kiziwi kweli, si mtu anayeigiza uziwi. Na ni mweusi. Mdogo wangu alinyanyuka kwenye mkeka akasogea kwenye runinga. Lugha ya alama ya Marekani si ya Tanzania, hakuelewa neno kwa neno, lakini alisema kwa mikono: huyu anaongea mwenyewe.

Kuna pale Hilltop adui wanapomtelekeza mtoto mchanga nje kwa sababu analia na mazombi wanamfuata. Connie anatoka mbio, anamchukua, anakimbilia shamba la mahindi. Ghafla sauti inakatika kabisa. Sisi wenye masikio tunabaki tunaona mahindi yanatikisika na hatujui hatari inatoka wapi. Nilishika moyo. Nilipomgeukia mdogo wangu, alikuwa ananiangalia mimi, si runinga. Akaniuliza: mmeogopa? Nikamwambia ndiyo. Akasema, hivyo ndivyo mimi ninavyovuka barabara.

Sina la zaidi.

#13

Dada wa #12, Mungu amtunze mdogo wako. Tumekaa hapa nyumbani tumeisoma kwa sauti.

#14 · Mleta uzi

Nilikuwa nimeandika jibu refu, nimelifuta. Ahsante dada.

Nimalizie na mji wa Commonwealth, msimu wa 11. Watu elfu hamsini. Umeme, hospitali, aiskrimu, mahakama, sarafu. Ukifika unahojiwa kwanza: kabla ya balaa ulikuwa nani? Yumiko alikuwa wakili, anavikwa suti na kupewa nyumba. Mwenye kazi ya mikono anarudishwa kwenye kazi ya mikono. Kumbe miaka yote ya kifo haikumfanya mtu yeyote kuwa sawa na mwingine, ilisubiri tu karatasi zipatikane. Kaka yake Yumiko, Tomi, ni daktari wa upasuaji ambaye alificha taaluma yake akaamua kuoka mikate. Mwana wa gavana, Sebastian, anawatuma wenye madeni waingie kwenye jumba lililojaa wafu wakamletee fedha. Wasiporudi, majina yao hayatajwi.

Ezekiel, aliyekuwa mfalme, anafika pale akiwa na saratani na anatibiwa kwa sababu ya kubebwa na rafiki. Akishapona anafungua kliniki ya siri kwa wasiojulikana na mtu, Tomi akisaidia. Hana kiti cha enzi, hana simbamarara. Hapo ndipo kwa maoni yangu alipokuwa mtawala.

Sehemu ya mwisho: kundi la wafu limeingia mjini. Gavana Pamela Milton amejifungia na wakubwa kwenye mtaa wao wenye geti, raia wako nje wanapiga kelele kwenye vyuma. Anayekwenda kufungua ni Padri Gabriel. Mnakumbuka Gabriel alianza vipi msimu wa tano? Ni yule padri mweusi aliyejifungia kanisani balaa lilipoanza, waumini wake wakagonga usiku kucha, hakufungua, wakafa mlangoni wakimwita kwa jina. Misimu saba amebeba sauti hizo. Sasa bunduki zimemwelekea na mkono wake uko kwenye geti.

Pamela anakamatwa na Mercer, kamanda wake mwenyewe. Mwaka mmoja baadaye tunaonyeshwa mji: gavana ni Ezekiel, makamu wake ni Mercer. Weusi wawili.

#15

Sawa, ila tuwe wakweli. Huo ugavana tumeuonyeshwa dakika ngapi? Rick alipewa misimu minane kutawala, Ezekiel kapewa picha moja ya hotuba na makofi. Hatukuona akipanga bajeti, akikosea, akipingwa. Na tamthilia ilipozaa nyingine, Daryl amepewa yake, Maggie na Negan wamepewa yao. Ya Ezekiel gavana iko wapi?

#16 · Mleta uzi

Hapo sina pa kukupinga. Nilitaka sana kuuona mwaka huo walioukata. Jinsi walivyogawa zile nyumba za mtaa wa geti, wenye madeni walisamehewa au la, askari wa Pamela walifanywaje. Hayo ndiyo maswali magumu ya utawala, na ndiyo waliyoyaruka.

Kidogo cha kufariji ni The Ones Who Live, iliyotoka Februari 2024, sehemu sita. Danai Gurira ni mmoja wa waanzilishi wake na sehemu ya nne ameiandika yeye. Yule aliyeletwa na kofia bila kusema neno, sasa maneno ni yake.

#17

Ni mimi wa #2. Jana usiku nilirudi msimu wa kwanza, ile sehemu ya paa, ili nije nikupinge vizuri.

Merle amefungwa pingu kwenye bomba, na T-Dog ndiye anayeachiwa ufunguo. Mazombi wanapanda ngazi, wenzake wote wanakimbia, anataka kumfungua, anajikwaa, ufunguo unatumbukia kwenye tundu la maji. Hilo nililikumbuka. Nililolisahau ni kwamba kabla ya kushuka mbio, anasimama kwenye mlango wa paa, anazungusha mnyororo na kuufunga kwa kufuli ili wafu wasimfikie yule aliyeachwa juu. Dakika chache nyuma mtu huyo huyo alikuwa amemkalia kifuani, bastola usoni, akimtukana rangi yake.

Nimeirudisha nyuma mara mbili kuangalia uso wake akiufunga ule mnyororo. Kamera haikukaa naye.